Ujerumani Yaipiku Japani kwa Dola, Wazee Waelemea Uchumi wa Nchi Zote Mbili

Mwaka 2023 Ujerumani iliipita Japani na kushika nafasi ya tatu katika orodha ya mataifa yenye uchumi mkubwa duniani, nyuma ya Marekani na China. Takwimu zilizotolewa na serikali ya Japani mwezi Februari 2024 zilionyesha kuwa pato la nchi hiyo kwa mwaka 2023 lilikuwa dola za Marekani trilioni 4.2, wakati pato la Ujerumani lilikaribia trilioni 4.5.

Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwani Japani ina watu wapatao milioni 124 na Ujerumani haifiki milioni 85. Lakini kilichowashangaza zaidi wafuatiliaji wa masoko ni jambo jingine. Katika mwaka huo huo uchumi wa Ujerumani ulinywea, na uchumi wa Japani ulikua. Aliyekuwa akirudi nyuma ndiye aliyempita aliyekuwa akisonga mbele.

Jawabu la kitendawili hicho limo katika mambo mawili. La kwanza ni bei ya sarafu ya Japani, yeni. La pili ni hesabu ya watu: wangapi wanazaliwa, wangapi wanafanya kazi na wangapi wamestaafu. Bei ya sarafu huweza kugeuka katika muda wa wiki chache. Hesabu ya watu hukaa kizazi kizima kabla ya kugeuka, na ndiyo itakayoamua ni nani kati ya hawa wawili atakayebaki juu.

YENI NDIYO ILIYOANGUKA

Ili kulinganisha pato la nchi mbili, wataalamu hulibadilisha kwanza kuwa dola. Hapo ndipo Japani ilipopoteza nafasi yake.

Mwezi Aprili 1995 dola moja ilinunuliwa kwa yeni 80 tu. Mwaka huo uchumi wa Japani ulihesabiwa kuwa dola trilioni 5.5, zaidi ya mara mbili ya ule wa Ujerumani uliokuwa kama trilioni 2.6. Mwaka 2012 yeni ilikuwa tena kwenye kiwango hicho hicho cha 80. Baada ya hapo mambo yakabadilika. Kuanzia 2013 Benki Kuu ya Japani ilimwaga fedha nyingi sokoni ili kuondoa tatizo lililoisumbua nchi kwa miaka mingi, la bei zisizopanda na biashara iliyolala. Mwaka 2016 benki hiyo ilikwenda mbali zaidi ikashusha riba yake hadi chini ya sifuri.

Ilipofika 2022 Marekani ilianza kupandisha riba kwa kasi kupambana na mfumuko wa bei, lakini Japani haikuigusa yake. Wenye fedha hawakusita. Walikopa yeni kwa riba ndogo wakanunua dola zenye faida kubwa. Yeni, iliyokuwa kama 115 kwa dola mwanzoni mwa 2022, ilishuka hadi wastani wa kama 140 katika mwaka 2023, na mwezi Julai 2024 iligusa 161.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha athari zake. Kiwanda kinachouza bidhaa za yeni milioni 100 kwa mwaka kilikuwa na mauzo ya dola 1,250,000 pale dola ilipokuwa yeni 80. Kwa bei ya yeni 140, mauzo yale yale ni dola 714,000. Kiwanda hakikupoteza mashine wala mfanyakazi hata mmoja. Kilichobadilika ni kipimo.

Ndiyo maana wachumi wana mzani wa pili, unaopima fedha ya nchi inaweza kununua nini ndani ya nchi yenyewe. Kwa mzani huo Japani ilikuwa bado mbele ya Ujerumani mwaka 2023. Mjapani anayelipwa kwa yeni na kula chakula kilichopikwa Tokyo hakuwa maskini kwa kiasi kile dola inachosema. Ameumia pale anaponunua mafuta, ngano au anaposafiri nje.

Upande wa pili wa sarafu hiyo ni kwamba nchi imekuwa rahisi kwa wageni. Mwaka 2024 watalii karibu milioni 37 waliingia Japani, idadi ambayo haikuwahi kuonekana kabla. Makampuni yanayouza magari na mitambo nje nayo yalipata faida kubwa yalipobadili dola zao kuwa yeni. Februari 2024, mwezi ule ule wa habari ya kupitwa, bei za hisa katika soko la Tokyo zilivuka kilele kilichowekwa Desemba 1989. Wawekezaji walikuwa wamesubiri zaidi ya miaka 34.

WAMEPOKEZANA TANGU 1968

Ushindani wa nchi hizi mbili si wa leo. Zote zilitoka katika Vita Kuu ya Pili zikiwa magofu. Zote zilijijenga kwa viwanda, kwa kuweka akiba na kwa kuuza nje. Mwaka 1968 Japani iliipita Ujerumani Magharibi na kuwa ya pili baada ya Marekani miongoni mwa nchi za soko huria. Nafasi hiyo iliishikilia hadi mwaka 2010 ilipopitwa na China.

Mwaka 1990 Ujerumani ilipata mzigo na bahati kwa pamoja. Mashariki na Magharibi ziliungana, na watu kama milioni 16 wa Mashariki wakaingia katika dola moja. Sarafu ilikuwa imekwisha kuunganishwa Julai mwaka huo, na viwanda vingi vya Mashariki havikuweza kushindana. Magharibi ililipa gharama za muungano kwa miaka mingi. Wakati huo huo Japani ilikuwa ikishuhudia bei za hisa na viwanja zikiporomoka, na mabenki yakibaki na mikopo isiyolipika.

Kwa kila mtu, picha iligeuka kabisa. Mwaka 1995 wastani wa pato la Mjapani ulikuwa kama dola 44,000 na wa Mjerumani kama 31,000. Mwaka 2023 Mjerumani alikuwa na kama dola 53,000 na Mjapani kama 34,000. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni yeni, lakini si yote. Hata kwa mzani wa nguvu ya kununua Mjerumani yuko mbele, ingawa kwa pengo dogo zaidi.

La ajabu ni kwamba Mjerumani hupata hayo kwa kufanya kazi saa chache. Kwa hesabu za shirika la OECD, mwaka 2023 mfanyakazi wa Ujerumani alifanya kazi saa kama 1,340 kwa wastani, na wa Japani kama saa 1,600. Sababu mojawapo ni kwamba Wajerumani wengi, hasa wanawake, wana kazi za nusu siku. Nyingine ni kwamba saa moja ya kazi Ujerumani huzaa mali nyingi zaidi kuliko saa moja ya Japani, ambako viwanda vikubwa ni hodari lakini maduka, ofisi na huduma ndogo ndogo bado hutumia watu wengi kwa kazi chache.

WATOTO SAWA, WATU MBALIMBALI

Mzani wa watu ndio unaotisha zaidi. Idadi ya watu wa Japani ilifikia kilele cha kama milioni 128 karibu na mwaka 2008, kisha ikaanza kushuka. Mwaka 2024 watoto wa Kijapani waliozaliwa walikuwa kama 686,000, na waliofariki dunia walikuwa milioni 1.6. Pengo ni zaidi ya watu 900,000 kwa mwaka mmoja. Wastani wa watoto kwa kila mwanamke ulishuka hadi 1.15, wakati idadi ya watu huhitaji kama watoto wawili ili isipungue.

Ujerumani mwaka huo huo ilipata watoto kama 677,000. Kwa maneno mengine, nchi yenye watu milioni 40 pungufu ilipata karibu watoto sawa na Japani. Hata hivyo Wajerumani nao hawajitoshelezi. Wastani wao ni watoto 1.35, na tangu mwaka 1972 hakuna mwaka hata mmoja ambao waliozaliwa walizidi waliokufa. Kama ingetegemea vizazi vyake pekee, Ujerumani ingekuwa imeanza kupungua muda mrefu kabla ya Japani.

Kilichoiokoa ni wageni. Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Italia mwaka 1955 na Uturuki mwaka 1961. Serikali ilidhani watu hao wangekaa kwa muda na kurudi kwao. Mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda, ilisimamisha mpango huo, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuleta familia zao na hawakuondoka. Mwaka 2015 watu karibu 900,000 waliingia kuomba hifadhi, wengi wao wakitoka Syria. Tangu 2022 wamepokewa zaidi ya milioni moja kutoka Ukraine.

Hivi leo kiasi cha mtu mmoja kati ya kila saba wanaoishi Ujerumani ana uraia wa nchi nyingine. Japani, mwishoni mwa 2024, ilikuwa na wageni wakaazi kama milioni 3.8, yaani asilimia 3 tu ya watu wake.

NJIA MBILI ZA KUTAFUTA MIKONO

Kila nchi imechagua njia yake ya kutafuta mikono ya kazi. Japani iliwaomba wazee wake wasiondoke kazini. Wenye umri wa miaka 65 na zaidi ni kama asilimia 29 ya watu wote, na zaidi ya milioni 9 kati yao bado wanafanya kazi. Katika kila wafanyakazi saba wa Japani, karibu mmoja ni mzee wa umri huo. Tangu Aprili 2021 sheria inayataka makampuni yajitahidi kuwapa kazi watu wao hadi miaka 70. Wanawake nao wameingia kazini kwa wingi, na viwanda vimetumia mitambo badala ya watu pale ilipowezekana.

Njia hiyo imeibeba Japani kuliko wengi walivyotabiri. Watu wa umri wa kufanya kazi, kati ya miaka 15 na 64, walikuwa kama milioni 87 mwaka 1995. Mwaka 2023 walikuwa kama milioni 74. Nchi iliyopungukiwa na mikono milioni 13 na bado ikatoa mali zaidi haiwezi kuitwa iliyoshindwa. Lakini mzee hazidi kuwa kijana. Sensa ya makazi ya mwaka 2023 ilihesabu nyumba tupu milioni 9 nchini humo, karibu asilimia 14 ya nyumba zote, nyingi zikiwa za mikoani ambako vijana wamehama na wazee wamekufa.

Pole pole Japani nayo imeanza kufungua mlango. Aprili 2019 ilianzisha viza mpya ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu kwa kazi kama za ujenzi, kilimo, hoteli na kutunza wazee. Machi 2024 serikali ilipitisha lengo la kupokea hadi watu 820,000 kwa viza hiyo katika miaka mitano.

Ujerumani nayo ina tatizo lake lililo mlangoni. Mwaka 1964 ndio uliozaliwa watoto wengi kuliko mwaka wowote baada ya vita, zaidi ya milioni 1.3 kwa pande zote mbili za nchi. Watoto hao sasa wana miaka sitini na ushei na wanajiandaa kustaafu. Sheria imeupandisha umri wa pensheni kidogo kidogo, nao utafika miaka 67 mwaka 2031. Kila anayeondoka kazini huhama upande: jana alikuwa akichangia mfuko, leo anachukua.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wenyeji wengine hawaoni kuwa wanapona. Katika uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 2025, chama cha AfD kinachopinga uhamiaji kilipata karibu asilimia 21 ya kura na kuwa cha pili. Nchini Japani, chama cha Sanseito kilichofanya kampeni ya kuwatanguliza Wajapani kiliongeza viti vingi katika uchaguzi wa baraza la juu la bunge wa Julai 2025, ingawa wageni huko ni wachache. Serikali zote mbili zimebanwa kati ya mwenye kiwanda anayetaka watu na mpiga kura asiyewataka.

MADENI NA UDHAIFU WA KILA MMOJA

Kwa upande wa madeni, nchi hizi ni kama mchana na usiku. Deni la serikali ya Japani ni zaidi ya mara mbili ya pato la mwaka mzima, kubwa kuliko la nchi yoyote tajiri. Linavumilika kwa sababu liko kwa yeni na sehemu kubwa wanadai Wajapani wenyewe, ikiwemo Benki Kuu yao. Hatari ni riba. Machi 2024 benki hiyo iliiondoa riba ya chini ya sifuri, na Januari 2025 ikaifikisha asilimia 0.5. Kila nyongeza ni gharama mpya kwa hazina.

Ujerumani iliweka katika katiba yake mwaka 2009 kizuizi cha kukopa. Deni lake likabaki kama asilimia 63 ya pato, lakini reli, madaraja na jeshi vilichakaa. Machi 2025 bunge lililegeza kizuizi hicho kwa ajili ya ulinzi na kuruhusu mfuko wa yuro bilioni 500 wa kujenga miundombinu.

Udhaifu mkubwa wa Ujerumani ni kutegemea wateja wa nje. Mauzo yake ya nje ni zaidi ya asilimia 40 ya pato, wakati ya Japani ni kama asilimia 20. Kabla ya vita vya Ukraine ilipata zaidi ya nusu ya gesi iliyoagiza kutoka Urusi, na bomba kuu lilipofungwa mwaka 2022 viwanda vya kemikali na chuma vilipata pigo. China, iliyokuwa mteja wa magari yake, sasa inayatengeneza yenyewe. Desemba 2024 kampuni ya Volkswagen ilikubaliana na wafanyakazi wake kupunguza ajira zaidi ya 35,000 ifikapo 2030, na Agosti 2025 waliosajiliwa kukosa kazi nchini humo walivuka milioni 3 kwa mara ya kwanza katika miaka kumi.

Hata hivyo akiba ya Wajerumani haijatetereka. Kwa zaidi ya miaka 30 Japani ilikuwa nchi inayodai nje kuliko zote duniani. Mwishoni mwa 2024 Ujerumani iliipita hata hapo.

BEI ZA MAGARI NA KAHAWA

Mabadiliko haya yamefika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Kwa kuwa magari huku huendeshwa upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia, kama Japani, mitumba mingi hutoka huko na si Ujerumani. Gari lililouzwa mnadani Japani kwa yeni milioni moja mwanzoni mwa 2022 lilikuwa na thamani ya kama dola 8,700, au shilingi za Tanzania milioni 20. Julai 2024 yeni hizo hizo zilikuwa dola 6,250, yaani kama shilingi milioni 16.6, ingawa shilingi nayo ilikuwa imeshuka dhidi ya dola. Hiyo ni kabla ya nauli ya meli, bima na ushuru.

Muuza kahawa yuko upande wa pili wa mzani. Japani ni mnunuzi wa siku nyingi wa kahawa ya Tanzania, na jina la Kilimanjaro linajulikana katika migahawa yake. Mwezi Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka dola 4 kwa ratili. Dola ikiwa yeni 110, ratili hiyo ingemgharimu mnunuzi wa Tokyo yeni 440. Ikiwa yeni 150, ni yeni 600. Mnunuzi wa Hamburg, anayelipa kwa yuro, hakuumizwa na sarafu yake kwa kiasi hicho.

Wenye kutafuta kazi nao wana hesabu yao. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji na ajira, mbele ya Rais William Ruto na Kansela Olaf Scholz. Mkataba huo hauna idadi ya nafasi zilizotengwa, kinyume na uvumi ulioenea wakati huo. Unarahisisha njia kwa wenye ujuzi unaotambuliwa, na unarahisisha pia kuwarudisha wasio na kibali.

LA KUANGALIA

Nafasi ya tatu yenyewe si ya kudumu. Makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 2025 yaliionyesha India ikiikaribia sana Japani, na yeni ikipanda kwa nguvu jedwali linaweza kupangika upya bila mtu kujenga kiwanda kipya.

Kwa mfanyabiashara, mizani mitatu ni bora kuliko mmoja. Pato kwa dola huonyesha nguvu ya nchi katika kununua nje, na ndilo linalomhusu muuza kahawa. Pato kwa nguvu ya kununua huonyesha maisha ya ndani. Pato kwa kichwa huonyesha mteja mmoja mmoja ana kiasi gani mfukoni.

Juu ya yote matatu kuna idadi ya watoto wanaozaliwa. Watoto 686,000 wa Japani na 677,000 wa Ujerumani waliozaliwa mwaka 2024 wataanza kazi katika miaka ya 2040. Hakuna benki kuu inayoweza kuongeza idadi hiyo sasa. Pengo litakalobaki litazibwa na wazee, na mitambo, au na vijana kutoka nchi nyingine.